Eda Wakati wa Maua ya Viazi

Mume wangu, Obeid Kihwele, alifariki Jumatatu moja ya mwezi wa Januari, saa nne asubuhi, akiwa amelala chini ya lori la mteja pale Uyole. Alikuwa fundi magari. Wenzake walidhani anafikiri, maana ndivyo alivyokuwa: akikutana na ubovu asioujua hunyamaza kimya, miguu tu ndiyo inaonekana. Walipomwita mara ya tatu asiitike ndipo walipomvuta. Daktari alisema ni moyo. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu.

Tulimzika kesho yake baada ya swala ya adhuhuri, hapa hapa Mbeya, ili mama yake aliyekuwa Iringa awahi kumwona. Mimi sikwenda makaburini. Nilibaki ndani ya nyumba yetu ya mtaa wa Soweto, binti yetu Pendo mwenye miaka tisa amenilalia mapajani, nikasikia wanaume wakiondoka na jeneza huku wakimtaja Mungu, sauti zikipungua mpaka zikaishia kwenye kona ya barabara.

Nayasimulia haya kwa sababu wengi wameniuliza, wengine kwa wema na wengine kwa ubaya, ilikuwaje mjane wa Kiislamu akaonekana shambani kabla eda yake haijaisha. Nayasimulia pia kwa sababu wapo walionitendea wema wakati ambao sikuwa na nguvu hata ya kusema asante.

Siku ya tatu, hitima ilipokwisha, shemeji yangu Hashimu aliniomba nisogee mlangoni tuzungumze. Ni mdogo wake Obeid, ana duka la vifaa vya ujenzi Iringa. Katika ukoo mzima wa pale hakuna anayepitisha neno bila yeye.

"Shemeji," alisema, "tumekaa kama familia. Tunaona ukakae eda Iringa, Kihesa kwa mama. Hapa utabaki na nani? Wewe ni mke wetu, hatuwezi kukuacha kama mtu aliyeokotwa."

Hashimu si mtu mbaya. Macho yake yalikuwa mekundu kuliko ya mtu yeyote mle ndani. Lakini aliposema Iringa nilishtuka, kwa sababu nilikuwa na shamba.

Shamba langu liko pembeni ya Uyole, ekari moja na nusu. Nalima viazi mviringo, na si vya kuuza sokoni. Nalima mbegu. Sisi ni kikundi cha akina mama ishirini na sita, Waislamu tuko wanne tu, wengine ni Wamoraviani, Walutheri na Wakatoliki, na wote hupanda mbegu inayotoka kwangu. Kazi yenyewe haina ujanja mkubwa ila inataka macho. Viazi vinapotoa maua unapita mstari kwa mstari, unatazama shina moja moja, na lile lisilo na dalili yoyote ya ugonjwa unalichomekea kijiti pembeni. Wiki mbili baadaye unarudia, unang'oa vijiti kwenye mashina yaliyokudanganya. Wakati wa kuvuna, yenye vijiti ndiyo yanayovunwa peke yake kuwa mbegu. Ukisubiri majani yakauke, huwezi tena kujua kipi kilikuwa kizima na kipi kilikuwa kinaumwa. Obeid alipofariki, maua yalikuwa yamebakiza kama siku kumi kufunguka.

Hashimu alimgeukia Sheikh Nasoro, imamu wa msikiti wetu, aliyekuwa bado amekaa mkekani. Alitegemea amuunge mkono. Sheikh akatikisa kichwa.

"Mjane hukaa eda katika nyumba aliyokuwa akiishi na mumewe," alisema. "Zama za Mtume mwanamke mmoja alifiwa akataka kurudi kwa ndugu zake, akaambiwa abaki nyumbani kwake mpaka muda wake utimie. Hii ni haki yake, Hashimu. Hakuna wa kumhamisha."

Nilimshukuru kimoyomoyo. Nikapata ujasiri, nikauliza nikiwa nyuma ya mlango, "Na shamba langu, Sheikh? Naweza kwenda mchana nikarudi?"

"Hapana, Mama Pendo. Miezi minne na siku kumi, ni kukaa ndani. Kama ni viazi, shemeji yako yupo."

Hivyo mtu yule yule, kwa dakika zile zile, alinifungulia mlango mmoja akanifungia mwingine. Sikubishana. Kwanza nilikuwa na majonzi, na majonzi hayajui kubishana. Pili nilikuwa namheshimu, na bado namheshimu.

Mama mkwe wangu, Bi Zawena, alikuwa amekaa akisikiliza muda wote huo. Ni mama mfupi, Mhehe wa Kihesa, amepita miaka sabini. Aliinuka akakunja kanga yake, akasema, "Kama ni hivyo na mimi nabaki hapa. Mwanangu hatakaa peke yake."

Hashimu naye alibaki wiki moja ili anishughulikie shamba. Nilimweleza kwa maneno, nikamchorea kwenye daftari la Pendo: jani lililojikunja, jani lenye madoa ya njano, shina linalolegea mchana na kusimama jioni. Akaitikia kila kitu. Alikwenda siku mbili mfululizo na rundo la vijiti, akarudi amechoka, viatu vimejaa udongo, akaniambia kazi imekwisha. Nikamshukuru. Akapanda basi kwenda kwake.

Kesho yake alikuja Rozalia. Rozalia ndiye katibu wa kikundi chetu, Mkatoliki, ana shamba linalopakana na langu. Hakukaa vizuri, alianza kuzungumza akiwa bado anavua viatu.

"Mama Pendo, pole na kila kitu, lakini lazima nikwambie. Shemeji yako amechomeka vijiti kwenye kila shina lenye majani mapana. Kuna mashina mle mimi mwenyewe nisiye na jicho lako naona yanaumwa."

Tukajaribu simu ya video. Rozalia alikwenda shambani akanipigia, akawa anapita na simu mkononi kama mtu anayefukuza nzi. Niliona anga, nikaona vidole vyake, nikaona kijani ambacho kwenye simu chote ni kijani kimoja. "Hili je? Na hili?" Mtandao ukakatika, ukarudi, ukakatika. Nilipozima simu nililia, na kwa mara ya kwanza tangu msiba kilio kile hakikuwa cha Obeid.

Rozalia alirudi jioni akanikuta hivyo. Akakasirika kwa ajili yangu. "Ndiyo maana mimi nasema," alisema, "dini yenu inamfunga mwanamke kama mbuzi. Kwetu ukifiwa, ukizika, unarudi kazini kwako."

Maneno yale yaliniuma. Nilitaka kumjibu kwa ukali, lakini Bi Zawena alinitangulia, tena kwa upole.

"Rozalia mwanangu," alisema, "mama yako mzazi alipofiwa alirudi kazini?"

"Mama alinyolewa nywele," akasema. "Shamba likachukuliwa na baba wadogo."

"Na padri alikuwepo?"

"Alikuwepo."

"Basi tusichekane. Sisi wanawake tulifungwa kabla hizo dini zote mbili hazijapanda hii milima. Zilipofika, wanaume wakachukua kamba zao za zamani wakazipa majina mapya." Kisha akanigeukia. "Lakini na wewe, mwanangu, usilie tu. Hili ni swali. Swali huulizwa."

Rozalia alipoondoka, tukiwa tunachambua mchele, aliniambia jambo ambalo hata Obeid hakupata kunisimulia, na nadhani hakulijua. Alifiwa na mumewe akiwa na miaka thelathini na minne, watoto wanne, Hashimu akiwa mgongoni. Wakamwingiza kwenye chumba kisicho na dirisha. Akaambiwa asitazame juani, asizungumze na mtu mlangoni, asioge kwa sabuni, na atazame ukutani. Mahindi yake yalikuwa yanakomaa. Ngedere wakala, nguruwe mwitu wakamalizia. Alipotoka hapakuwa na hata gunzi, na mwaka ule watoto wake walilelewa kwa kuombaomba kwa shangazi zao.

"Niliambiwa ni dini," alisema. "Na mimi nampenda Mungu, basi nikakaa. Miaka mingi niliamini Mungu ndiye aliyenilalisha njaa. Nimekuja kujifunza kusoma Kurani nina miaka sitini na moja, kwa Mwalimu Shufaa pale kwetu Kihesa. Nikatafuta kile chumba kisicho na dirisha, nikatafuta ule ukuta. Havimo, mwanangu. Eda imo. Ukuta haumo."

Akaweka ungo chini. "Nipe simu yako."

Mwalimu Shufaa sikuwa namfahamu. Nilijua tu ni mwanamke anayewasomesha akina mama nyumbani kwake, na kwamba wapo masheikh wa Iringa wanaomkubali na wapo wasiotaka hata kusikia jina lake. Mama mkwe alimsalimia kwa Kihehe, "Kamwene, mwalimu wangu," akamweleza yote, halafu akaweka spika ili na mimi nisikie. Sauti ilikuwa nyembamba na haikuwa na haraka.

"Pole sana, dada Swaumu," alisema. Mbali na watu wa kwetu Tukuyu, hakuna aliyekuwa ameniita kwa jina langu tangu msiba. "Nitakueleza ninachokijua, na nitakueleza pia nisichokijua. Sawa?"

"Sawa, mwalimu."

"Zama za Mtume alikuwepo mwanamke, mama mdogo wa sahaba aitwaye Jabiri. Alikuwa kwenye eda, na mitende yake imeiva. Akatoka kwenda kuchuma. Mwanaume mmoja akamkaripia, kwamba mwenye eda hatoki. Yule mama hakurudi ndani akalia, wala hakubishana barabarani. Alikwenda kwa Mtume mwenyewe kumuuliza. Mtume akamwambia aende akachume tende zake, huenda akatoa sadaka au akafanya jambo la kheri."

Nilihisi kama mtu amenitua mzigo kichwani. Lakini Mwalimu Shufaa hakuniacha nifurahi mapema.

"Sasa sikiliza la pili. Yule alikuwa ameachwa, hakuwa mjane. Wanazuoni wamejadiliana, na wapo wanaobana. Ila wengi wao, na hawa wa madhehebu yetu wakiwemo, wanasema mjane akiwa na haja hutoka mchana, usiku akalala kwake. Neno lenyewe ni haja. Je, haja yako ni haja? Hilo siwezi kulipima nikiwa Iringa. Mpelekee sheikh wako aliangalie. Usimwambie Shufaa amesema. Mwambie aangalie vitabu vyake."

"Na kama hatanisikiliza?"

"Yule mama wa tende hata jina lake halikuandikwa, dada. Lakini kwa sababu aliuliza, sisi tuna la kusoma. Nenda ukaulize. Au mtume mama."

Baada ya kukata simu nilikaa nikimfikiria mwanamke yule asiye na jina, na mikono yenye kunata kwa tende. Nikamwombea dua. Sijawahi kumwombea dua mtu wa mbali hivyo.

Bi Zawena hakungoja nimtume. Kesho yake alijifunga kanga mbili, akatembea kwa miguu mpaka msikitini, akamngoja Sheikh Nasoro kwenye kivuli cha ukuta mpaka alipotoka. Sikuwepo, lakini alivyonisimulia ni kwamba alimwambia hivi tu: "Sheikh, sikuja kubishana. Nimekuja kukuomba uje uone kitu kwa macho."

Alikuja siku ile ile baada ya alasiri. Akakaa kwenye kiti barazani, mimi nikakaa ndani karibu na mlango ulio wazi, na mama mkwe katikati yetu kwenye kigoda. Nilikuwa nimemwomba Rozalia aniletee shina moja la kiazi kutoka kwenye yale yaliyochomekewa vijiti na Hashimu, ambalo kwa nje lilionekana zima ila ncha zake zilikuwa zimeanza kulegea mchana. Nilikata kipande cha shina kwa kisu, nikamwomba mama mkwe akishikilie ndani ya glasi ya maji safi, nusu ndani nusu nje.

"Tazama hapo, Sheikh. Tusubiri kidogo."

Tukasubiri. Nikamweleza kazi ya vijiti. Sheikh aliuliza habari za Pendo. Aliuliza kama tunapata mahitaji. Kisha akasogeza uso karibu na glasi, kwa maana kutoka kwenye shina lile kulikuwa kumeanza kushuka nyuzi nyeupe nyembamba, kama maziwa yanayodondoka taratibu ndani ya maji.

"Nini hiki?"

"Ni mnyauko, Sheikh. Ugonjwa umo ndani ya shina. Kiazi chake ukikishika ni kizuri kabisa. Ukikipanda kama mbegu, unaupanda na ugonjwa, na udongo ukishaupata, miaka kadhaa hupandi viazi tena pale."

"Na Hashimu alikuwa ameliwekea kijiti?"

"Alichomeka. Hana kosa, hakusomea. Mimi nilijifunza miaka mitatu, na hata mimi hukosea."

"Mbegu hii ingepandwa na nani?"

"Na akina mama ishirini na sita. Wengine ni wajane kama mimi."

Alikaa akiitazama glasi ile muda mrefu. Nami nilimtazama kwa upenyo wa mlango, nikaona si mtu anayetafuta namna ya kunikatalia. Alikuwa anafikiri kama alivyokuwa akifikiri Obeid chini ya gari.

"Mama Pendo," alisema mwishowe, "nipe siku mbili nikasome."

Siku ya pili alirudi na kitabu kikubwa kimefungwa kwenye mfuko wa nailoni kwa sababu ya mvua. Alikifungua, akasoma kwa Kiarabu, akatueleza kwa Kiswahili. Kisha akakifunga, akasema neno ambalo mpaka leo namshukuru nalo kuliko hata ruhusa yenyewe.

"Nilichokuambia siku ile nilikuwa nimekisikia tu. Sikuwa nimekisoma. Ruhusa hii imo kwenye vitabu vya madhehebu yetu wenyewe, imekaa humo miaka yote hii, na mimi ndiye sikuifungua. Mungu anisamehe."

Akanitajia masharti: nitoke mchana, nisijipambe, nifanye kazi yangu, jua lisizame sijarudi nyumbani. "Na wapo wanaobana kuliko hivi," aliongeza, "sitawatukana. Anayetaka kuwafuata awafuate kwa nafsi yake. Ila asiende kumfungia mwenzake mlango kwa ufunguo huo."

Nilidhani yamekwisha. Jioni ile Hashimu alipiga simu. Habari zilikuwa zimeshamfikia Iringa, sijui kwa njia gani.

"Shemeji, kweli? Kaka yangu hana hata mwezi. Watu watasema nini? Watasema alikuwa mtu bure, mkewe hata eda hakuweza kumkalia."

"Hashimu, eda naikaa. Nimevaa nguo za eda, silali nje ya nyumba hii, siendi harusini wala sokoni. Nakwenda shambani na kurudi. Sheikh ameona kwenye kitabu."

"Masheikh wa siku hizi wanapindishwa na wanawake."

Nilikuwa na jibu la kumuumiza, kuhusu vijiti vyake. Nikalimeza. Nikamsikia upande wa pili anapumua kwa shida, nikaelewa kuwa analia. Ndipo nilipojua kwamba hakuwa akinigombeza mimi. Mtu aliyefiwa hana cha kumfanyia marehemu wake tena, na yeye aliona eda yangu ndiyo heshima pekee iliyobaki mikononi mwa familia.

"Shemeji yangu," nilimwambia, "mimi pia nimemkosa."

Mama mkwe akaomba simu. Aliongea na mwanawe kwa Kihehe, polepole, nikashika maneno machache tu: mahindi, chumba, na jina la Hashimu mwenyewe akiwa mtoto wa mgongoni. Aliongea mpaka chai ikapoa. Aliponirudishia simu, Hashimu akasema kwa sauti ndogo, "Sikujua. Mama hakuwahi kutuambia." Akakata.

Nilikwenda shambani Jumatano asubuhi, na Bi Zawena pembeni yangu kwenye bajaji. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na maua yalikuwa yamefunguka yote, meupe na mengine ya zambarau hafifu. Nilisimama mwanzo wa mstari wa kwanza nikashindwa kusogea. Sikuwa nimeona anga nzima kwa zaidi ya wiki mbili. Nikakumbuka kwamba mara ya mwisho kuwa pale nilikuwa na mume. Nikachuchumaa katikati ya viazi nikalia kwa sauti, kilio nilichokuwa nimekizuia nyumbani kwa ajili ya Pendo. Mama mkwe hakuniambia ninyamaze. Rozalia aliacha jembe lake akaja, akachuchumaa naye, mkono begani kwangu, mpaka nilipomaliza.

Halafu nikaanza kazi. Niling'oa vijiti vya Hashimu zaidi ya nusu. Mashina mengine aliyapatia, lazima nimpe haki yake. Tulipita mstari kwa mstari, mimi natazama, Rozalia anachomeka, Bi Zawena amekaa kwenye gunia pembezoni akikata vijiti na kutuhesabia. Wakati wa adhuhuri aliniita tuswali, na Rozalia akatuchotea maji ya udhu kwa dumu kutoka kwenye mfereji. Alipotuona tumemaliza alisema, bila kunitazama, "Lile neno la mbuzi, Mama Pendo. Nililisema vibaya."

"Ulinionea uchungu," nikamwambia. "Ila na wewe siku moja niambie lile la mama yako vizuri. Kikundi chetu kina wajane sita. Tukae tujue nani ana haki gani, kanisani kwenu na msikitini kwetu na hata serikalini."

Tulikaa kweli, nyumbani kwangu, mwezi wa Machi, lakini hayo ni mazungumzo mengine.

Sikwenda shambani kila siku. Siku nane kwa jumla, na kila siku kabla ya magharibi nilikuwa nyumbani. Wapo walionisema. Mama mmoja wa mtaani, tuliyekuwa tukiswali naye pamoja Ramadhani nzima, aliacha kuniitikia salamu, na mpaka leo huitikia kwa shida. Wanaume wawili walikwenda kwenye kamati ya msikiti kumshitaki Sheikh Nasoro. Ijumaa iliyofuata alisimama akawasomea ukurasa ule ule aliotusomea barazani, akawaambia kitabu kiko ofisini, anayetaka aje akisome. Nasikia alikuja mmoja. Namshukuru hata huyo mmoja.

Kwa miezi iliyobaki nilikaa eda yangu, na sitaki mtu afikiri niliikaa kwa kinyongo. Ilikuwa miezi mizuri kwa namna yake. Nyumba ilikuwa kimya. Bi Zawena alinisomesha sura fupi ambazo nilikuwa nazitamka vibaya tangu utoto, naye kila Jumamosi alisoma kwa simu na Mwalimu Shufaa huku mimi nasikiliza. Nilikuwa na ruhusa ya kutomchekea mtu, ya kutopika kwa ajili ya wageni, ya kumlilia mume wangu bila mtu kuniambia maisha lazima yaendelee. Kama ningelazimishwa kurudi kazini siku ya nne kama wengi wanavyolazimishwa, sijui ningekuwaje. Kwa hiyo naishukuru eda pia. Ni zawadi, mradi isigeuzwe kuwa jela.

Mavuno yalikuwa mwezi wa Machi. Akina mama walikuja wote na majembe na magunia, wakavuna kwanza mashina yenye vijiti. Mbegu ilitosha kila mtu. Hashimu naye alikuja, hakuwa ameniarifu. Nilimwona tu anashuka kwenye gari dogo la mizigo, anamsalimia mama yake kwa kupiga goti kama mtoto, kisha anachukua jembe. Hatukuzungumza sana siku ile. Wakati wa kuondoka aliniuliza, "Shemeji, lile shina la kwenye glasi, lilikuwa langu?"

"Lilikuwa moja kati ya yako."

Akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu Januari. "Msimu ujao nifundishe," alisema.

Nilitoka eda mwishoni mwa Mei. Wiki iliyofuata nilimrudisha Bi Zawena Iringa, maana kwake kulikuwa na kuku na majirani waliomkumbuka. Tulipanda basi la asubuhi, na gunia la viazi vya kula chini ya basi. Njia nzima, Makambako, Mafinga, mpaka tunaiona Iringa juu ya kilima, nilikuwa napanga maneno ya kumwambia Mwalimu Shufaa. Nilitaka kumwambia kwamba nilikuwa nimezama akanishika mkono. Nilitaka kumwambia habari za yule mama wa tende na ninavyomwombea kila siku.

Nilimtegemea awe mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuhutubia. Tulipofika Kihesa alitufungulia mlango mwanamke mwembamba wa makamo, tepu ya kupimia nguo shingoni, sindano imechomekwa kwenye mtandio, maana kumbe anashona sare za shule. Sebuleni kwake palikuwa na akina mama kama kumi na wawili wamekaa mkekani, wengine wazee kuliko mama mkwe wangu, misahafu imewekwa mbele yao kwenye marehani ya mbao. Tuliingia katikati ya darasa.

Msichana mmoja alikuwa amenyoosha mkono. "Kwa hiyo, mwalimu, mwanamke anaruhusiwa kila kitu?"

"Hapana," alijibu Mwalimu Shufaa akitusogezea nafasi, "kama ambavyo na mwanaume haruhusiwi kila kitu. Mimi ninasema tu kwamba mtu asome kabla ya kukataza. Na asome kabla ya kuruhusu pia. Mnaniona mimi napenda kuruhusu, lakini mara ngapi nimewaambia sijui?"

"Mara nyingi mno," alisema bibi mmoja, na chumba kizima kikacheka.

Bi Zawena akanishika mkono akanisogeza mbele. "Huyu ndiye Swaumu."

Mwalimu Shufaa alinitazama usoni. Maneno yangu yote niliyoyapanga kutoka Mbeya yakapotea. Nilisema tu, "Mwalimu, nilikwenda. Nilivuna."

Alinikumbatia, na akina mama wale wakasema alhamdulillah kwa pamoja, kwa sauti ya chini, kama watu waliokuwa wakiisubiri habari hiyo. Kumbe Bi Zawena alikuwa akiwasimulia kila Jumamosi kwa simu, na waliniombea dua muda wote ule bila mimi kujua.

"Mmekula?" Mwalimu Shufaa aliuliza.

Hatukuwa tumekula. Wawili wakaenda kulifungua gunia letu uani, mmoja akawasha jiko, na darasa likaendelea huku tunamenya viazi.